Kamera ya zamani huona katikati tu, kuchagua ni kazi yako

Nina picha moja ambayo sijawahi kuiweka mtandaoni. Ni ya shosho na shangazi yangu wakiwa wamesimama bega kwa bega nje ya jikoni kule ushago, Desemba. Nyuma yao kuna ghala la mahindi, yale ya zamani ya fito zilizosimama wima. Kila ufito unaonekana. Ukitaka unaweza kuhesabu misumari. Lakini nyuso zao zimetoka na ukungu, kama watu unaowaona kupitia dirisha la matatu siku ya mvua.

Shosho alituacha Aprili. Hiyo ndiyo picha ya mwisho niliyompiga. Siku ya mazishi shangazi aliniuliza kama nina picha nzuri ya kuweka kwenye kijitabu cha ratiba, nikamwambia sina. Tukatumia ile ya kitambulisho.

Kamera niliyompigia ni Nikon F4, mashine iliyoingia sokoni 1988, zaidi ya miaka 10 kabla sijazaliwa. Wakati wake ilikuwa kamera ya wakubwa: magazeti, michezo, vita. Na haikuharibika siku ile. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu ndilo nataka tuliongelee leo, kwa sababu naona kizazi chetu kinalifanya kila siku, na si kwa kamera peke yake.

Filamu imerudi, lakini na kamera gani?

Tembea katikati ya jiji la Nairobi Jumamosi na hutakosa kuona msee amevaa kamera ya filamu shingoni. Wengine ni luku tu. Wengine wako serious, wanajua filamu gani inafaa jua la saa saba na gani ya jioni. Si Kenya pekee. Kodak ilirudisha filamu yake ya Ektachrome mwaka 2018. Leica ilirudisha M6 mwaka 2022. Juni 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, inayopiga picha 72 kwenye mkanda wa picha 36 kwa sababu kila picha hutumia nusu ya nafasi. Bei yake Marekani ilianzia dola 500 hivi.

Lakini angalia kitu. Hiyo Pentax haina otofokasi. Unakadiria umbali kwa jicho, unazungusha lenzi hadi alama inayofaa, unapiga. Leica M6 nayo ni ya mkono. Nikon F6, ambayo ilikuwa ya mwisho katika ukoo wa kamera kubwa za filamu za Nikon, ilisitishwa 2020. Kwa hivyo kama wewe ni kijana unayetaka kamera ya filamu ya kiwango cha kazi, ya kubadilisha lenzi na yenye kujivutia fokasi yenyewe, huna budi kurudi kwenye mitumba ya miaka ya 80 na 90.

Na hapo kuna bahati kidogo kwa sisi ambao mfuko umetoboka. Wanaofuata fasheni wanataka kamera ndogo za chuma zenye sura ya zamani. F4 ni kubwa, nyeusi, ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na ukiivaa unafanana na mtu aliyetumwa na gazeti. Ndiyo maana mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko F3 iliyoitangulia, ingawa ina mengi zaidi ndani. Yangu niliipata kwa mzee mmoja wa studio upande wa River Road, aliyenipa nilipe pole pole kwa miezi mitano. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka uliotangulia, sina karo, sina kazi, na yeye ndiye mtu pekee aliyeniambia, "Njoo, kijana wangu, utajifunza kwa macho."

Vita vya fokasi

Ili uelewe kosa langu, lazima uelewe mashine yenyewe na ilikotoka.

Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera ya 7000, ya kwanza ya lenzi za kubadilisha yenye otofokasi ndani ya mwili wake kupata soko kubwa. Mwaka huohuo ikatoa 9000 kwa ajili ya wapigapicha wa kazi. Dunia ya picha ikatikisika. Minolta baadaye iliburutwa kortini Marekani na kampuni ya Honeywell kuhusu hataza za teknolojia hiyo, na mwaka 1992 ikakubali kulipa dola milioni 127.5 kumaliza kesi. Hizo si pesa za kuchezea. Kila mtu alijua fokasi ya kujiendesha ndiyo kesho.

Canon nayo ikafanya uamuzi mgumu. Mwaka 1987 iliachana na mdomo wa lenzi zake za FD na kuanza upya na mfumo wa EOS, ambapo kila lenzi ina mota yake. Waliokuwa wamenunua lenzi za zamani walihisi wamesalitiwa. Nikon ilikataa njia hiyo. Ilishikilia mdomo wa F, uleule tangu 1959, na katika F4 ikaweka mota ndani ya kamera. Kwenye mdomo kuna kitu kama ncha ya bisibisi inayoingia kwenye lenzi na kuizungusha. Ukibonyeza kitufe nusu unaisikia: zzzt. Kila mtu chumbani anaisikia.

Kwa kasi, Canon ilishinda, na kufikia miaka ya 90 lenzi zake ndefu zilikuwa zimetapakaa viwanjani. Lakini kwa sababu ya ubishi wa Nikon, F4 yangu inakubali lenzi za mkono za miaka ya 70 na pia lenzi za otofokasi zilizokuja baadaye. Kwa mtu asiye na chapaa, ubishi huo ni baraka.

Inavyoona

Ndani ya F4 kuna kihisi kimoja cha fokasi. Kimoja. Simu yako ya mkononi inakagua karibu fremu nzima. F4 inaona kidude kidogo katikati ya kioo, basi.

Kazi yake ni hivi. Mwanga unaopita upande mmoja wa lenzi na ule unaopita upande wa pili hufika kwenye kihisi ukiwa taswira mbili. Kamera inalinganisha taswira hizo. Nafasi kati yao isipokuwa ile inayotakiwa, kompyuta ndogo inajua fokasi imekosea, imekosea upande gani na kwa kiasi gani, kisha inaituma mota. Zikikaa sawa, kitone kinawaka chini ya kioo. Kazi imeisha.

Ila kihisi chenyewe ni mstari mmoja uliolala. Kinapenda sana vitu vilivyosimama wima: nguzo, ukingo wa mlango, fito za ghala. Mpe mistari iliyolala, kama ngazi au shati la milia ya kulala, na kinaweza kuhangaika kwenda mbele na nyuma bila kushika. Dawa ni kuinamisha kamera kidogo, ushike fokasi, halafu uirudishe. Ukuta mtupu uliopakwa rangi moja haukioneshi kitu. Gizani kinachoka haraka, isipokuwa uwe na flashi ya enzi zake kama SB-24, ambayo hurusha mistari myekundu kukisaidia kuona.

Sasa rudi kwenye picha yangu. Watu wawili wamesimama bega kwa bega, mmoja kushoto, mwingine kulia. Katikati yao kuna nafasi ndogo. Kihisi changu kilikuwa kinachungulia hapo hapo kwenye nafasi, na nyuma yake kulikuwa na nini? Fito zilizosimama wima. Chakula chake kipendacho. Mota ikalia, kitone kikawaka, nikapiga. Lenzi ya milimita 50 ilikuwa imefunguliwa hadi f/2, wao wako hatua tatu mbele yangu na ghala liko mbali nyuma. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi ziliniponyoka zote mbili, nikashika ghala.

Mzee wa studio alipoona negativu aliiweka juu ya taa, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia kitone, mzee."

"Na shosho wako, ulimwangalia saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye kioo cha F4 ukungu ule unaonekana kabisa. Kile kioo ni kikubwa na kina mwanga. Nyuso zilikuwa pale, zina ukungu mbele ya macho yangu, na mimi niliamini taa.

Nani anachagua?

Hapa ndipo naona habari hii inatuhusu sote, hata wewe ambaye hujawahi kushika filamu.

Otofokasi ilianza kama mtumishi. Wewe unaelekeza, yenyewe inazungusha. Kisha ikaanza kupewa macho zaidi. F5 ya mwaka 1996 ilikuwa na vihisi vitano. EOS 3 ya Canon, 1998, ilikuwa na 45, na ilifuata njia ambayo Canon iliianza 1992 kwa EOS 5: kamera inatazama jicho la mpigapicha, inaona anaangalia wapi, inavuta fokasi hapo. Fikiria hilo kidogo. Mashine ilikuwa inamuuliza mtu, "Unataka nini?"

Kamera na simu za leo zimegeuza mambo. Nyingi hazitafuti jicho la anayepiga, zinatafuta jicho la anayepigwa. Zimefundishwa kwamba kitu muhimu ni uso, au mbwa, au gari, na zinakimbilia huko kabla hujaamua. Mara nyingi ziko sahihi, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu kitu kilicho sahihi mara nyingi unaacha kukikagua. Na haziishii kwenye fokasi. Mwaka 2023 kulizuka mjadala mkubwa kuhusu simu za Samsung na picha za mwezi. Mtu alipiga picha ya mwezi iliyofanywa kuwa na ukungu makusudi, simu ikamrudishia mwezi wenye makovu yake yote. Kampuni ikaeleza kwamba programu yake hutambua mwezi na kutumia akili unde kuongeza undani. Yaani simu ilijua ulitaka kuona nini, ikakupa.

Tuje nyumbani. Juni 25, 2024, tulipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na waandamanaji wakaingia bungeni, kila mtu alikuwa na kamera mkononi. Mswada uliangushwa siku iliyofuata, na picha za siku ile ni sehemu ya sababu hatutasahau. Lakini kufikia mwisho wa mwaka huohuo, picha za viongozi zilizotengenezwa kwa akili unde zilikuwa zimejaa mitandaoni na kuzua joto la kisiasa. Sasa ukimwonyesha mtu picha halisi ya mwenzako aliyeumia, jambo la kwanza anakuuliza ni, "Hiyo si AI?" Hilo swali linauma. Na hatuwezi kumlaumu anayeuliza.

Ndiyo maana sikubali ile hoja ya kwamba vijana wanarudi kwa filamu kwa sababu ya kupenda vya kale. Vya kale gani, na sisi hatukuwepo? Nadhani tunatafuta kitu unachoweza kukishika na kusema hiki kilikuwa mbele ya lenzi. Priya Ramrakha, mpigapicha Mkenya aliyeuawa akiripoti vita vya Biafra mwaka 1968, aliacha maelfu ya picha zilizokuja kupatikana miongo kadhaa baadaye zikiwa zimehifadhiwa kwenye gereji hapa Nairobi. Hakuna nywila iliyopotea, hakuna akaunti iliyofungwa. Unaweka negativu juu ya taa, unaona.

Lakini tusidanganyane. Filamu si ukweli mtupu. Mwenye kamera bado anaamua asimame wapi, aache nani nje, apige saa ngapi. Negativu yangu ni halisi asilimia mia na bado inasema uongo kuhusu siku ile, kwa sababu inadai kitu muhimu zaidi nyumbani kwetu kilikuwa ghala. Filamu haikufanyi mkweli. Kitu kamera hii inachofanya ni kukataa kukuchagulia, na ukikosea inakuachia ushahidi.

"Mteja hanilipi kwa falsafa"

Rafiki yangu anayepiga picha za harusi Ruaka alisoma rasimu ya makala haya akacheka. Yeye ana kamera mpya isiyo na kioo cha kugeuza picha, inayoshika jicho la bibi harusi hata akikimbia. "Buda, mteja hanilipi kwa falsafa," akaniambia. "Nikikosa pete ikivalishwa, nitamwambia kihisi kilikuwa katikati?"

Ana hoja, na siwezi kuipuuza. Kama picha ndiyo inayolipa rent, tumia kinachoshika. Mkanda mmoja wa rangi unanigharimu zaidi ya Sh2,000, bila kuhesabu kuosha na kuskani, na nikimaliza picha 36 zimeisha. Harusi moja itakula mikanda kumi. Hakuna kijana wa mtaani anayeweza kuendesha biashara hivyo kwa bei za Nairobi. Simwambii mtu auze kamera yake ya kazi.

Ninachosema ni kwamba ukishawahi kutumia mashine inayoona katikati tu, hata ukirudi kwa simu unaishika tofauti. Unagusa kioo mahali unapotaka badala ya kungoja ikuamulie. Unatazama uso, si kile kijisanduku cha kijani. Rafiki yangu alikubali hilo. Alisema hata yeye huzima utambuzi wa nyuso wakati wa hotuba ya babake bwana harusi, kwa sababu kamera humkimbilia mtoto aliye mbele.

Ukitaka kujaribu

Kwa yule anayewinda F4, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama.

Kabla hujalipa, fungua sehemu ya betri uone kama kuna kutu ya kijani. Inatumia betri za kawaida za AA, nne au sita kulingana na kishikio, kwa hivyo nenda nazo dukani. Chungulia ndani ya kioo: kamera nyingi za aina hii zina doa jeusi linaloenea kwenye maandishi ya kipimo, kama wino uliomwagika. Likiwa dogo unaweza kuishi nalo. Weka lenzi ya otofokasi, elekeza kwenye ukingo wa mlango, sikiliza mota. Ikihangaika hata kwenye ukingo wenye mwanga mzuri, rudisha.

Kisha jifunze swichi ya fokasi karibu na lenzi. S inashika mara moja na kukataa kupiga hadi kitone kiwake. C inafuata kitu kinachotembea na itapiga hata kama haijashika, kwa hivyo ni ya boda boda na wachezaji, si ya shosho aliyesimama. M ni ya mkono, lakini kitone bado kinakusaidia hata kwa lenzi nyingi za zamani, mradi iwe ya f/5.6 au iliyo wazi zaidi.

Na kwa watu wawili: weka katikati ya kioo juu ya jicho la mmoja wao, bonyeza nusu, ushikilie hapo hapo. Sasa sogeza kamera upange picha yako. Usisogee mbele wala nyuma. Kabla hujamalizia kubonyeza, acha kitone na uangalie uso. Una mwanga wa kutosha? Funga lenzi hadi f/5.6 ujipe nafasi ya kukosea.

Agosti nilirudi ushago. Shangazi alikuwa anapura maharagwe uwanjani, akaniambia nisimpige, hajajipanga. Nikangoja. Alipoketi kupumzika nilipima jicho lake la kushoto, nikashikilia kitufe, nikasogea polepole hadi ghala likaingia upande wa pili. Nikamtazama yeye. Akanitazama. Nikapiga moja tu.

Mzee aliosha mkanda huo wiki iliyofuata. Shangazi ametoka vizuri, hadi makunyanzi ya kando ya jicho. Ghala lina ukungu. Nimechapisha nakala mbili na moja iko ukutani kwake, pembeni ya ile ya kitambulisho cha shosho.